Sentimita Moja

Wanawake wa upande wetu wa mji humwita Mama Karatasi, na wanaomwita hivyo kwa hasira si wachache. Ukimfuata na swali dogo tu, tuseme una mimba ya miezi minne na miguu inawaka moto, hatakujibu mpaka akuandike kwanza. Umri. Mimba ya ngapi. Ya mwisho ulijifungulia wapi, nani alikuwepo, damu ilitoka kiasi gani. Umekuja na habari za miguu, unajikuta unasimulia maisha yako yote mbele ya mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na yeye anaandika, anaandika, wala hanyanyui kichwa. Ukimaliza ndipo anavua miwani na kusema, "Haya. Tuione hiyo miguu."

Mimi ni mkunga wa pili katika nyumba yake. Nimefanya naye kazi miaka tisa, tumegombana karibu kila wiki, na mtu akitaka kumsema vibaya mbele yangu ajiandae. Natangulia kusema hivyo kwa sababu ninachotaka kusimulia ni siku aliyokosea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la saruji. Mpaka leo ukipigilia msumari ukutani unamwagikiwa na vumbi la kijivu. Ina chumba cha mbele cha kupimia wajawazito, jiko dogo, na vyumba viwili vya kujifungulia. Kila chumba kina kitanda kifupi ambacho mama anaweza kushuka mwenyewe, mkeka, kigoda, na kamba nene iliyofungwa kwenye boriti ili mtu ajining'inize uchungu ukimpanda. Milango yote ilivunjwa ikapanuliwa, kiti cha magurudumu kipite. Ukutani hakuna zile picha za watoto wanene wanaocheka. Mama Karatasi alizikataa. Alisema zinawachoma moyo waliopoteza.

Kabla ya kuwa mkunga alikuwa mfagizi katika hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto. Alijifungua mtoto wake wa pekee hapo hapo, chini, koridoni, kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza mfagizi. Habari hii huisimulia kwa utani. "Sakafu ilikuwa safi," husema, "niliipiga deki mwenyewe asubuhi ile." Watu hucheka. Baada ya hapo alirudi shule akiwa na miaka thelathini, mtoto mgongoni, akasoma na wasichana waliomwita shangazi, akawa mkunga, akaifanyia kazi hospitali ile ile miaka mingi. Kisha akaiacha, akakusanya wanawake wa mtaa wakaunda kamati, wakaomba lile ghala lililokuwa limekaa tupu.

Wanaokuja kwetu ni wavunja kokoto, wasichana wa kazi za ndani, wauza maji, wanawake wasiosikia, wasioona, wasio na kitambulisho, na siku hizi hata wake za wakubwa wanaopenda kuzaa bila kupigiwa kelele. Wote hulala kwenye vitanda vile vile viwili. Mimi mwenyewe nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na moja na mimba ya miezi saba, nimefukuzwa nilikokuwa nafanya kazi, nguo zangu ziko kwenye mfuko wa unga. Aliniandika kama anavyoandika wote. "Mume?" Hakuna. "Mama?" Alishafariki. "Siku ya kujifungua nani atakushika mkono?" Nikasema hakuna. Nilikuwa nimeketi ng'ambo ya meza, nikasoma kichwa chini miguu juu alichokijaza kwenye mstari ule: Mimi. Akageuza ukurasa, akauliza kama nakojoa vizuri.

Sasa niieleze karatasi yenyewe, maana ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Mwanamke akiwa kwenye uchungu, kila baada ya saa nne mkunga hupima kwa vidole viwili mlango wa uzazi umefunguka sentimita ngapi. Zikifika kumi, mtoto ana njia. Kila kipimo huwekwa nukta kwenye karatasi, nukta huunganishwa, na unaona mstari ukipanda. Katika nyumba yetu zipo kanuni tatu ambazo Mama Karatasi alizitunga na hakuwahi kumwonea mtu haya juu yake. Mama akikaa saa sita bila nukta kupanda, anapelekwa hospitali, hata kama anacheka. Kuanzia kipimo cha pili hakuna anayepima peke yake. Mkono mwingine lazima uhakikishe. Na mkunga hamhudumii wa kwao.

Miaka ya mwanzo, wanawake tuliowapeleka hospitali walitukanwa getini. Eti wametoka kwa wakunga wa vichochoroni. Mama Karatasi hakujibizana na mtu. Alikabidhi karatasi, akaondoka. Akaja na nyingine wiki iliyofuata, na nyingine. Kuna daktari wa upasuaji pale, mtu mrefu mpaka anainama mlangoni, sisi tunamwita Daktari Mrefu. Mwaka wa tatu alimwambia, "Karatasi za ghala la saruji nazisoma nikiwa nanawa mikono. Sirudii kupima." Usione ni sifa ndogo. Kurudia kupima, kufungua faili jipya, kumtafuta mtu wa kutia sahihi, hiyo ni nusu saa. Nusu saa ni mtu anapona au hatuko naye tena.

Basi, binti yake. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na sisi pia tunamwita Mwalimu. Mcheshi, mwenye sauti ya kuita watoto mia kutoka uwanjani. Alipoteza mimba mbili kabla ya hii. Hii ilipofika miezi minane Mama Karatasi alianza mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyataja. Alipaka rangi chumba cha pili. Alifua pazia mara tatu katika wiki moja. Alihamisha saa ya ukutani ikae mahali ambapo mtu akiwa amepiga magoti ataiona bila kugeuka. Mjukuu azaliwe katika nyumba ile: nadhani hakuna kitu alichowahi kukitaka kama hicho, na kwa kuwa alikitaka mno hakukisema.

Mwalimu alifika saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, mumewe nyuma yake amebeba mto, begi, na chupa ya chai. Mumewe ni fundi friji, kijana mpole, anayemwogopa mama mkwe wake kiasi kwamba akiwa mbele yake hata kikohozi hukimeza. Nilimpima Mwalimu mimi. Tano. Nikaweka nukta. Mama Karatasi alikuwa amekaa benchi la nje, mikono mapajani, anatii kanuni yake mwenyewe.

"Ngapi?" akauliza nilipotoka.

"Tano, Mama. Mtoto anasikika vizuri."

"Tano ni nzuri," akasema. Halafu akarudia, "Tano ni nzuri."

Saa tatu mambo yakaharibika utaratibu. Alikuja mvunja kokoto mmoja, mimba ya tatu, kiziwi, na dada yake. Huyu alikuja kwetu kwa sababu huko kwingine walikuwa wakimpigia kelele, kana kwamba ukiongeza sauti masikio yatafunguka. Kazi yake ni ya macho na mikono. Huwezi kumwacha hata dakika moja, maana ukimpa mgongo umemnyamazia. Uchungu wake ulikuwa unakimbia. Nikamwambia Mama Karatasi, "Kaa na Mwalimu, umfariji tu. Kupima nitakuja mwenyewe saa nne, nimwite na nesi wa nyumba ya pili ahakikishe."

Saa nne mikono yangu ilikuwa imejaa. Mtoto wa mama wa kokoto alizaliwa saa tano kasoro, dume la haja, lakini damu ikakataa kukata, na nilikuwa nimekaza ngumi tumboni mwake huku nikimtabasamia ili asione hofu machoni pangu. Kabla ya hapo kidogo ndipo niliposikia sauti ya Mama Karatasi nyuma ya pazia.

"Nimeshampima Mwalimu. Sita."

"Haya, Mama," nikasema. Mungu anisamehe, nilishukuru. Kanuni mbili zilikuwa zimevunjwa kwa pamoja na mimi nikashukuru.

Damu ilitulia. Nilimsafisha yule mama, nikamweka mtoto kifuani, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Saa saba na nusu mchana ndipo nilipoingia chumba cha pili.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, ameshika kamba, na fundi friji anampepea kwa kipande cha boksi.

"Mdogo wangu," Mwalimu akaniambia, "mwambie huyu baba aache kunipepea. Anadhani mimi ni jiko."

Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Kwanza, mwanamke aliyepita sita saa tatu na nusu zilizopita kwa kawaida hana muda wa kuchamba watu. Pili, macho yake yalikuwa yameingia ndani. Uchungu ulikuwa unampanda kama asubuhi, lakini haumsogezi popote. Mama Karatasi alikuwa dirishani, ameshika kile kitarumbeta cha mbao tunachosikilizia moyo wa mtoto.

"Mtoto yuko vizuri," akasema kabla sijauliza.

Nikachukua karatasi. Saa kumi na mbili, tano, mwandiko wangu. Saa nne, sita, mwandiko wake, kalamu imekandamizwa mpaka imetoboa kidogo. Kisha mapigo ya moyo wa mtoto: mia na arobaini, mia thelathini na nane, mia thelathini, mia ishirini na mbili. Yalikuwa bado ndani ya mipaka, ila yanashuka. Nikaomba kitarumbeta. Nikasubiri uchungu upite, nikasikiliza. Moyo ulianguka mpaka mia na nne, ukakaa huko kitambo, ndipo ukaanza kupanda taratibu.

"Nataka kumpima," nikasema.

"Bado nusu saa."

"Nataka sasa, Mama."

"Si nimempima?"

"Ndiyo maana."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Tunagombana, ndiyo, lakini ni juu ya shuka na sabuni na nani kasahau kuchemsha vyombo. Alinikazia macho, nikadhani atanifukuza chumbani. Akasogea pembeni.

Nilipima. Nikasubiri uchungu mwingine, nikapima tena, kwa sababu nilikuwa naomba vidole vyangu vinidanganye. Tano. Na ilikuwa tano mbaya kuliko ya asubuhi: mlango umevimba, kichwa cha mtoto kimegeuka vibaya, uso unatazama juu, na utosini kimeota uvimbe laini kwa kusukumwa mahali pasipo na njia. Mama Karatasi ndiye aliyenifundisha kushika glovu. Nilitamani kusema sita na dunia iendelee.

"Tano," nikasema.

"Rudia."

"Nimesharudia."

Fundi friji akaacha kupepea. Mwalimu akageuza shingo. "Tano si ile ya asubuhi?"

Mama Karatasi alivuta kigoda akakaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yangu nimeyapanga tayari, na ugomvi haukuja. Aliinua mkono wake wa kulia akavitazama vidole viwili.

"Saa nne viliniambia tano," akasema. "Nikavibishia. Nikasema haiwezekani, ni sita. Nikavibishia mpaka vikakubali."

Kisha akasimama, na aliposimama alikuwa mkunga tena. "Mpigie Mikate. Mwambie ni sasa hivi."

Mikate ni dereva wa gari la mikate. Huzungusha mikate madukani asubuhi, na mchana gari lake ni letu kwa dharura. Ndivyo kamati ilivyokubaliana naye. Nilimpigia, akasema dakika kumi. Nikampigia pia nesi mstaafu wa nyumba ya pili, tuliyemweka kwa siku kama hizi, naye akaja na kandambili zake na sweta lake akakaa na mama wa kokoto. Halafu nikafanya kitu ambacho sijivunii. Nilifungua kabati, nikatoa karatasi mpya, nyeupe, nikamvuta Mama Karatasi chumba cha mbele.

"Naiandika upya," nikanong'ona. "Saa nne naweka tano. Hakuna atakayejua."

"Irudishe hiyo karatasi."

"Mama, wafikirie wengine. Daktari Mrefu akiona tumeandika uongo hata mara moja, hatatuamini tena. Kila mwanamke tutakayempeleka ataanza kupimwa upya. Nusu saa zao zitatoka wapi?"

"Nawafikiria hao hao," akasema. "Nipe kalamu."

Alipiga mstari mmoja juu ya ile sita, mwembamba, ili sita ibaki inasomeka. Pembeni akaandika tano. Chini yake, herufi zikipanda mlima, akaandika: Nilipima mimi. Nilikosea. Mjamzito ni binti yangu. Akaweka saa, akatia sahihi.

Kisha akarudi chumba cha pili, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Mwalimu, magoti kwa magoti.

"Mwanangu, nimekuchelewesha. Saa sita ulitakiwa uwe njiani. Sasa ni karibu saa nane."

Mwalimu alimwegemezea paji la uso begani. Uchungu ulimpanda, akaushusha kwa kupumua kama tulivyomfundisha, ukapita.

"Hata mimi nilitaka iwe sita, Mama," akasema.

"Wewe una ruhusa ya kutaka. Mimi nilikuwa kazini."

Gari la mikate lilifika likinukia mikate. Tulitandika godoro katikati ya rafu tupu, Mwalimu akalala ubavu. Fundi friji, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa ameacha begi la nguo za mtoto na kubeba chupa ya chai na lile boksi la kupepea. Mikate mwenyewe alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. "Mama zangu, shikeni rafu," akasema, "leo kona sizihesabu."

Mwalimu akacheka katikati ya maumivu. "Mimi nilizaliwa koridoni, wangu atazaliwa kwenye mikate. Ukoo gani huu?"

Mama Karatasi hakucheka. Alikuwa ameinama na kitarumbeta tumboni mwa binti yake, anahesabu, anapoteza hesabu, anaanza upya. Nilimwona. Nikanyoosha mkono.

"Nipe mimi, Mama. Wewe mshike mkono."

Nilitegemea abishe. Alinipa. Nikasikiliza njia nzima: mia na kumi, tisini na nane, mia na sita. Namba zile nilizisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei za nyanya. Mama Karatasi alizielewa. Mkono wa Mwalimu aliushika kwa mikono yake yote miwili.

Tulipofika, muuguzi wa mapokezi alitoka na kitanda cha magurudumu, akamwona Mama Karatasi, akamtambua kwa aproni. "Mkunga, kabidhi karatasi halafu usubiri nje, unajua utaratibu."

"Anayekabidhi ni huyu," Mama Karatasi akasema, akinionyesha. Alifungua kamba za aproni shingoni, akaivua, akaikunja mara mbili, akanipa. Chini yake alikuwa amevaa gauni la maua ambalo sikuwahi kuliona. "Mimi ni mama yake."

Muuguzi akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasukuma kitanda. Tukaingia wote.

Daktari Mrefu alikuwa kwenye sinki, sabuni imefika kwenye viwiko. Nilimshikia karatasi mbele ya macho kama tulivyozoea. Macho yake yakashuka na mstari: kumi na mbili, tano, saa nne. Yakasimama. Yakaenda pembeni. Akalifunga bomba kwa kiwiko. Niliwaona wanawake wote wa ghala la saruji wamepanga foleni getini wanasubiri kupimwa upya, na mwisho wa foleni nikajiona mimi na mfuko wangu wa unga.

"Mwisho wa kusubiri ulikuwa saa sita mchana," akasema, akimtazama Mama Karatasi juu ya kichwa changu.

"Ndiyo, daktari."

"Sasa ni saa nane na dakika tano."

"Ndiyo."

"Na mengine yote humu?"

"Mengine yote ni sahihi."

Akamtazama kidogo tena. Sijui aliona nini, labda lile gauni la maua. "Basi sirudii kupima," akasema. "Mwingizeni."

Mlango ukafungwa. Tulibaki watatu koridoni. Fundi friji alikaa chini akaweka chupa ya chai katikati ya miguu. Palikuwa na benchi, lakini Mama Karatasi alikataa kukaa, alisimama ameegemea ukuta na macho yako sakafuni. Ilikuwa koridoni pale pale. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Baada ya muda usiopimika tulisikia kimya cha aina fulani ndani, kimya tunachokijua sisi wa kazi hii, mtoto ametoka na hajalia. Nilimshika mkono wa gauni. Nilihesabu kumi. Nikahesabu ishirini. Ishirini na saba mtoto akalia, kwanza kama paka, halafu kwa hasira kama mtu aliyedhulumiwa.

"Wa kike," muuguzi akasema mlangoni. "Mama mzima, mtoto mzima."

Fundi friji aliangua kilio cha sauti mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe wake akampangusa pua kwa upindo wa gauni.

Niruke kidogo niseme yaliyofuata, nisije nikasahau. Wiki ile ile Mama Karatasi alijishtaki mwenyewe kwenye kamati. Aliomba kwa mwezi mzima kila mama atakayempima, mimi nipime baada yake, na matokeo yasomwe kikaoni. Mwenyekiti, muuza maji mwenye ulimi wa upupu, alimwambia, "Wewe mama unapenda adhabu kuliko mchungaji." Lakini akakubali. Nilipima baada yake wanawake ishirini na sita. Hakukosea hata mmoja. Mama wa kokoto sasa huja kila Jumatano kuwafundisha wakunga wanafunzi ishara za mikono, na huwakaripia kuliko alivyowahi kutukaripia Mama Karatasi.

Ila nilikuwa nimebakiza ya wodini.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mwalimu alikuwa amezinduka, midomo imempauka, sauti imebaki kidogo. Muuguzi alileta mtoto amevikwa shuka ya hospitali, kwa kuwa begi la nguo lilibaki ghalani kwetu, akampa Mama Karatasi aliyekuwa karibu. Mama Karatasi alimpokea, na papo hapo akamlaza kwenye ukingo wa kitanda akamfungua. Akahesabu vidole vya mikono, vya miguu. Akapitisha kidole kidogo juu ya kaakaa. Akatazama kitovu, akamgeuza akatazama mgongo, akamkunja miguu kuchunguza nyonga. Midomo yake ilikuwa inasema kimya kimya yale anayoyaandika siku zote. Mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa kitandani unatafuta kalamu.

"Mama," Mwalimu akaita.

"Mm."

"Wameshamkagua. Watu wawili."

"Najua. Namalizia nyonga tu."

"Mama. Acha kazi. Mbebe."

Mikono ikasimama. Katika miaka tisa sikuwahi kuiona mikono ile ikikosa la kufanya. Alimfunika mtoto, na yeye anayetusema kila siku kuhusu kufunika watoto alimfunika ovyo, mguu mmoja ukabaki nje. Akamwinua mpaka shingoni. Akasimama naye hivyo katikati ya wodi, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Watoto aliowabeba hawana idadi, na wote aliwabeba wakiwa njiani, wanatoka kwake wanapelekwa kwa mtu mwingine.

"Nimpe nani?" akauliza.

"Hakuna wa kumpa, Mama," Mwalimu akasema. "Ni wako."

Nilimvutia kiti, akakaa. Alilia bila sauti, kidevu juu ya kile kichwa chenye uvimbe, na hakujifuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Kengele ya kumaliza muda wa kutazama wagonjwa ikalia. Muuguzi akaja mpaka mlangoni kututoa, akamwona, akaenda kuanza na vitanda vya upande wa pili.